Kamba za Wayua

Watu wa Gatuanyaga walimjua Wayua kama mwanamke mkimya mwenye mikono isiyotulia. Alizaliwa upande wa Yatta, akaolewa na Mwanzia, mpasua mawe, na mumewe alipopata kazi kwenye machimbo ya huku karibu na Thika, akamfuata na kikapu kimoja kichwani. Mashamba ya mkonge yaliwazunguka pande zote. Wayua aliokota majani yaliyotupwa, akayaparua kwa kisu butu, akaanika nyuzi, kisha akazisokotea pajani mpaka ngozi ya paja ikawa ngumu kama soli ya kiatu. Jumamosi alibeba kamba zake kwa miguu hadi soko la Thika, ambako wasukuma mikokoteni walizigombania. Wanawake wengine walimtania. "Mkamba na kamba," walisema, "hao wametoka tumbo moja."

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari aliyoitangaza mkoloni. Wakikuyu walitembea na vipande vya utambulisho mfukoni na hofu kifuani. Waluhya waliokuja kutafuta kazi walikaa laini yao ya nyumba, Wakamba yao, na kila mmoja alimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Kisimani watu walisalimiana, wakachota maji, wakaenda zao.

Basi asubuhi moja ya mwaka wa 1956, jua likiwa limeanza kuchoma, Wayua alikuwa amekaa nje akisokota. Mbuzi wakaacha kula, wakainua vichwa. Ardhi ikanguruma chini kwa chini kama lori lililojaa mawe, na lori lenyewe halionekani. Kisha dunia ikamtupa kifudifudi. Alipoinuka, nyumba yake ilikuwa rundo la udongo na fito, na vumbi jekundu limeziba jua.

"Ngai! Ngai wakwa!" mtu alilia laini ya pili, akimwita Mungu wake. Alikuwa Warigia, mama mzee wa Kikuyu, miguu yake imebanwa na boriti. Wayua alimkimbilia, na kutoka upande wa pili akaja Selpha, Mluhya, mke wa nyapara wa machimbo. Hawakuwa wamewahi kuzungumza zaidi ya "habari" na "nzuri." Walishika boriti pamoja, wakamtoa mama yule. Hawajamaliza kumpangusa, wakasikia mayowe kutoka machimboni.

Shimo lile lilikuwa na kina cha nyumba nne zilizobebana. Njia ya mkokoteni, ambayo ndiyo pekee ya kushukia, ilikuwa imemeguka yote. Chini kulikuwa na wanaume tisa. Mmoja wao, Kagwe, alilala chini ya jiwe, na hakuhitaji tena msaada wa mtu. Erastus, nyapara, alisimama ukingoni damu ikimchuruzika shavuni.

"Lori limepeleka mawe Ruiru," aliwaambia wanawake. "Nimetuma mtu Thika, lakini barabara imepasuka. Sijui watafika lini."

"Na ukuta ule?" Selpha aliuliza, akionyesha mwamba uliokuwa umeinama juu ya vichwa vya wale wanaume, na ufa mpana ukipita katikati yake.

"Ardhi ikitikisika tena, utawafunika."

Wayua alichungulia. Alimwona Mwanzia amempakata kijana Gachanja, ambaye mguu wake ulikuwa umevunjika. Moyo ulimpasuka, lakini hakulia.

"Njooni tukafukue nyumba yangu," alisema.

Walifukua kwa majembe, kwa masufuria, kwa kucha, mpaka wakazitoa kamba zote za soko. Selpha alizipima kwa mikono, akatikisa kichwa. "Wayua, hizi ni za kufungia magunia. Zitabeba mtu kweli?"

"Moja haibebi. Tatu zikisokotwa pamoja zitabeba."

Wakakaa ukingoni, Wakikuyu, Wakamba na Waluhya, miguu imenyooshwa vumbini. Wayua alipita kati yao akionyesha. "Kaza. Usilegeze hapo. Ungana na mwenzako." Warigia, ambaye hakuweza kusimama, alishika ncha kwa mikono miwili na kuegemea nyuma kwa uzito wake wote ili wenzake wapate kusokota. Kamba ilipokamilika, waliizungusha kwenye shina la mgunga, wakatandika magunia ukingoni ili jiwe lisiikate.

"Tuijaribu kwa jiwe kwanza," Erastus alisema.

"Jiwe haliwezi kumfunga Gachanja mguu," Wayua alijibu, akijifunga kamba kiunoni. "Niliisokota mimi. Ikikatika, inikatikie mimi."

Wakamteremsha. Kamba ililia, ikanyooka, ikashika. Alipogusa chini, Mwanzia alimkodolea macho. "Umekuja kufanya nini huku, mwanamke?"

"Kukuchukua. Lakini si wewe wa kwanza."

Alimfunga Gachanja mguu kwa mpini wa nyundo na kitambaa chake cha kichwa, akamfunga kamba kifuani, akapiga kelele. Juu wanawake wakavuta. Walivuta wakiimba, kila mmoja kwa lugha yake, na nyimbo zilipogongana waliachana na maneno wakabaki na mwendo tu. Mmoja alitoka, kisha mwingine. Ndung'u, wa mwisho kabla ya Mwanzia, alipokuwa katikati ya ukuta, ardhi ikanguruma tena. Mawe yakaporomoka, lakini ule mwamba wenye ufa ukashika. Wayua na Mwanzia wakajibana ubavuni mwa mwamba, mikono juu ya vichwa.

Vumbi lilipotulia, Wayua alitazama juu. Ndung'u alikuwa bado ananing'inia, anazunguka polepole. Baadhi ya wanawake walikuwa wameangushwa na tetemeko, Selpha anavuja damu magotini, lakini hapakuwa na mkono hata mmoja ulioiachia kamba. Hapo ndipo machozi ya Wayua yalipotoka, na hayakuwa ya hofu.

Wanane walitoka wakiwa hai. Mwanzia alikuwa wa mwisho, akimtangulia mkewe tu, kwa kuwa Wayua alikataa katakata kupanda kabla yake.

Siku ya pili walimtoa Kagwe, na watu wa laini zote wakamzika. Kisha wakaanza kujenga, laini moja baada ya nyingine, bila kuuliza nyumba ni ya nani. Nyumba ya Warigia ndiyo iliyotangulia, na fito zake zilifungwa kwa nyuzi za Wayua. Wanaume nao walikataa kushuka machimboni mpaka mwenye machimbo akakubali kuchonga njia ya pili na kuweka kamba nene ukingoni. Alipouliza kamba hizo zinunuliwe wapi, Erastus alicheka. "Wala huna haja ya kwenda mjini, bwana."

Mguu wa Gachanja ulipona ukiwa umepinda kidogo. Miaka miwili baadaye alioa msichana wa Mugutha aitwaye Wamboi, na kabla ya kumpeleka popote, alimleta kwa Wayua.

"Huyu ndiye mama aliyenizaa mara ya pili," alimwambia mkewe.

Wamboi aliinama kumsalimu kwa mikono miwili. Wayua alimtazama kijana yule akisimama kwa miguu yake mwenyewe, akanyoosha mgongo, akafungua mlango wote.

"Ingieni, wanangu," alisema. "Uji uko tayari."