Rezoneta ya Miguu Mitatu na Saumu ya Bi Rukia

Nakumbuka siku moja ya Ramadhani, mwanangu, siku niliyowafungulisha saumu watu wa mtaa mzima kabla ya jua kuzama, nami hata si Mwislamu. Usicheke bado. Nakueleza haya kwa sababu nimekuona ukinunua vipuri kwa kusoma namba iliyoandikwa mgongoni tu, na mimi nilianza hivyo hivyo.

Nilikuwa kijana wa Kakuyuni, mtoto wa wakulima wa mihogo, mtu wa kanisani kila Jumapili. Nilikwenda kujifunza ufundi wa redio Malindi, mtaa wa Barani, kwa mzee mmoja tuliyemwita Fundi Athmani. Alikuwa mpole, na miwani yake ilifungwa kwa uzi. Jirani yake alikuwa Bi Rukia, ajuza aliyenifanya mjukuu wake bila kuniuliza kama nataka. Hata Ramadhani, yeye akiwa na njaa yake, alinipikia mimi nisiyefunga, akaniletea sahani imefunikwa. Nilimpenda sana bibi yule.

Mwaka ninaousema, saa ya msikiti wa mtaani, ile ya umeme yenye namba nyekundu, ilianguka ikazimika Ramadhani ikiwa katikati. Siku zilikuwa za mawingu, na muadhini, ambaye macho yake yalishapungua, aliitegemea saa hiyo. Akaileta kwetu. Fundi Athmani alikuwa amekwenda Marereni kutengeneza mizani ya kiwanda cha chumvi, kwa hiyo niliipokea mimi, na kifua nimekitoa mbele.

Ndani ya saa kama ile, mwanangu, mna kitu kidogo kinachotetemeka umeme ukikigusa, mara mamilioni katika sekunde moja. Saketi huihesabu mitetemo hiyo, na ndivyo inavyojua kwamba sekunde imepita. Kitu hicho ndicho rezoneta. Katika saa ya msikiti kilikuwa kristali, kijiwe chembamba ndani ya kikopo cha bati, na kwa kuanguka kule kilikuwa kimevunjika. Kristali mpya ingetoka Mombasa, nayo ingechukua siku mbili.

Sikutaka kungoja. Nilitaka fundi akirudi aikute saa inawaka, aniambie sasa umekuwa mtu. Kwenye rimoti mbovu nikapata rezoneta ya kauri, ile ya rangi ya chungwa yenye miguu mitatu. Namba iliyoandikwa juu yake ilikuwa ileile ya kristali. Nikaichomelea, nikazitoa kapasita mbili ndogo za pembeni, vile vidude vya kuhifadhi umeme, kwa kuwa hii huwa na zake tumboni, saa ikawaka mara moja. Nikaisawazisha kwa saa inayotangazwa redioni, nikaipeleka mwenyewe msikitini baada ya adhuhuri. Jioni hiyo hapakuwa na kosa la kuonekana.

Kesho yake, adhana ya Magharibi ikasomwa mtaani kwetu, watu wakala tende zao, wakanywa maji. Walipokuwa bado wanafuta midomo, misikiti ya jirani ikaanza kuadhini. Tulikuwa tumewatangulia kwa dakika nne.

Fundi Athmani alirudi asubuhi yake. Saa ilikuwa imesharudishwa kwetu; akaifungua, akaiona miguu mitatu. Hapo nikasema neno ninaloliona aibu mpaka leo. Nilisema, "Lakini fundi, ni dakika nne tu."

Hakupandisha sauti. "Karisa," akasema, "kauri si kitu kibaya. Rimoti yafanya kazi nukta moja ikalala, kauri yaitosha. Lakini kauri yaweza kukosea mitetemo miwili mitatu katika kila elfu, na joto letu hili huizidishia. Na saa hailali. Kosa la asubuhi lakaa pale pale, la mchana likaja juu yake. Namba yakwambia kasi tu. Haikwambii utaiamini kwa kiasi gani. Sasa nenda kwa Bi Rukia, ukamwambie mwenyewe."

Nikamuuliza kwa nini yeye kwanza.

"Wajua ametoka hospitali juzi juzi. Daktari amemruhusu afunge siku moja moja. Jana ndiyo ilikuwa ya kwanza."

Nilikwenda mara hiyo hiyo. Nilimkuta ukumbini akichambua mchele, nikamwamkia shikamoo, akaitika, nikamweleza yote nikiangalia sakafu. Mikono yake ikasimama.

"Kwa hiyo ya jana haikutimia," akasema.

"Haikutimia, bibi."

Machozi yakamlengalenga. Hakunilaumu, na ningepata nafuu kama angenilaumu. "Nitailipa, Mungu akinipa uzima," akasema. "Wewe hukujua, babangu. Hujapata kuzingoja dakika hizo."

Nikamwambia siku atakayoilipa nitazingoja pamoja naye.

Kristali ilikuja. Fundi hakuichomelea tu akafunika. Alinisomesha karatasi ya muuzaji neno kwa neno: kosa lake ni kiasi gani, joto laisogeza vipi, na yataka kapasita gani pembeni, maana zikizidi ukubwa saa huchelewa, na zikiwa ndogo mno hukimbia. Kisha akaiacha saa siku tano kwenye joto la kibaraza, tukiilinganisha na redio asubuhi na jioni. Nilichoka, lakini sikuthubutu kusema.

Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ulipoingia, Bi Rukia alipata nguvu ya siku moja, nami nikafunga naye. Alasiri ulimi wangu ulikuwa umekauka. Magharibi ilipokaribia tuliketi jamvini, tende mkononi, na zile dakika nne za mwisho nikazipitia zote, moja baada ya moja. Alikuwa akitetemeka kwa udhaifu, lakini tende hakuinua. Adhana iliposomwa, alinipa mimi kwanza. Niliona haya, nikalia mbele yake.

Ile ndiyo saumu pekee iliyomtimia mwaka ule. Ramadhani iliyofuata haikumkuta.

Basi, mwanangu, ukienda dukani kuchagua rezoneta, usianze na namba wala bei. Anza na kazi. Ikiwa ni kidude cha kubonyezwa na kuachwa, chukua kauri, ni ya bei rahisi na ni ngumu kuvunjika. Ikiwa kitahesabu muda siku baada ya siku, tafuta kristali, uipe kapasita zake, uijaribu kwenye joto la mahali itakapokaa. Ukiikosa, mwambie mwenye mali angoje, hata akikununia. Na usiseme "ni dakika nne tu" kabla hujajua ni za nani.

Mungu akupe mikono mitulivu na subira ya kuuliza. Kila utakachokifunga kwa mikono hiyo, na akitegemee mtu kwa amani. Amina.