Echi ya Shangazi

Mimi nimesoma. Nasema mapema ili mtu asije akanidharau kwa ajili ya mikono yangu, ambayo imekata nyasi za nyumba za wageni huko Watamu miaka mingi mpaka nyasi zenyewe zikiniona zinajiinamia. Cheti changu cha shule ya jioni nimekitia plastiki, kinaning'inia ukutani juu kidogo ya kalenda ya duka la saruji. Nilipokipata, Gede nzima ilisikia. Ambao hawakusikia niliwafuata majumbani mwao.

Lakini kuna herufi moja katika ABCD ya Kiingereza ambayo mpaka leo nikiifikia ulimi husimama. Ni ile inayofuata G.

Herufi hiyo maskini haina jina moja. Wenyeji wa Malindi na Mambrui, waliosomeshwa na walimu wa huku huku, huiita echi, nayo hutoka laini kama mtu aliyetaka kupiga chafya akaghairi. Ndugu zetu waliokuja kutoka bara, wengi wao, huiita hechi, kwa pumzi ya kutosha kuwasha jiko la makaa. Wataliano ninaowakatia nyasi wao huiita aka, na ukiwauliza kwa nini, wanakushangaa wewe. Kwa hiyo kutoka Watamu hadi Gede, mwendo wa baiskeli usiotosha kumaliza pingili mbili za muwa, unapita majina matatu ya kitu kimoja chenye miguu miwili na mkanda kiunoni. Nilikuwa nikiisimulia hadithi hii watu wakacheka hadi wakashika kuta. Siku hizi siisimulii.

Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyenilea. Alitoka Vitengeni akiwa mjane, akaja Gede na binti yake mmoja na uteo mmoja wa kupepetea, akafanya kazi ya kubangua korosho. Aliyewahi kubangua korosho anajua: mafuta ya ganda hula vidole, na moshi wake hula macho. Vidole vya Shangazi vilikuwa vyeusi nchani kama vijiti vya kiberiti vilivyotumika. Binti yake alikuwa kidato cha pili. Jioni, mama akibangua, mtoto aligeuza uteo kifudifudi, akachukua kaa na kumchorea mama yake herufi mgongoni mwa uteo, moja kila siku ya Jumamosi, kwa kuwa siku nyingine alikuwa na masomo yake. A. B. C. Wakaenda hivyo kwa Jumamosi nane.

Kisha binti akaugua homa, na homa hiyo haikumaliza wiki mbili. Katika siku zile za kitandani alikuwa akiandika kwenye daftari. Shangazi alimwomba amsomee. Binti akakataa, akacheka kwa ile sauti iliyobaki: "Si ya kusomewa, Mama. Ni ya kusoma. Ukishajua, utaisoma mwenyewe."

Tulipomaliza matanga, Shangazi aliliweka daftari ndani ya kopo la biskuti, akalifunga kwa kipande cha leso. Mimi niliyekuwa tayari nimeanza shule ya jioni, nikajitolea. "Lete nikusomee, Shangazi. Dakika tano tu, nitamaliza kama mtu anayekunywa uji."

"Hukusikia alivyosema?"

"Nilisikia."

"Basi wataka nini?"

Akajiandikisha shule ya jioni. Alikuwa na haraka, na sababu ya haraka hiyo alinionyesha mimi peke yangu: akifunika jicho la kulia, la kushoto lilimwonyesha dunia kama iliyotiwa tui la nazi. Na la kulia lilikuwa limeanza kufuata.

Shule yetu, gumbaru kama tunavyoiita, ilikuwa darasa la watoto wa shule ya msingi, tuliloliazima kuanzia saa kumi na moja. Madawati yalikuwa ya watoto. Mimi nilikaa na magoti yamenifika masikioni, nikaonekana panzi. Chumba kimoja, mwalimu mmoja, viwango viwili: mbele walikaa wa kuanza, nyuma sisi wa mtihani. Mwalimu alikuwa mtu wa bara, mpole, mchana akifundisha watoto na jioni akitufundisha sisi, na uchovu alikuwa nao wa kutosha kugawia kata nzima. Alianza na ABCD ya Kiingereza. Alisema ndiyo ngazi, Kiswahili tutakipanda baadaye. Na herufi ya nane, kwake, ilikuwa hechi.

Nilikuwa kiranja. Nilichaguliwa kwa kelele, na sikumbuki mshindani. Na hapa ndipo nilipofanya jambo langu.

Mliosoma shule za zamani mnaijua monto. Mtoto akizungumza lugha ya nyumbani, alivishwa kipande cha mbao au mfupa shingoni, naye akatembea nacho akiwindawinda mwingine atakayekosea ili amvishe. Mimi utotoni sikuivaa sana. Niliacha shule kabla haijanizoea. Nikaona darasa limepoa, watu wanasinzia, nikamwambia mwalimu: "Turudishe monto, tuchangamke. Atakayeitamka herufi vibaya aivae mpaka apatikane mwingine."

Mwalimu alikuna kichwa. "Hawa ni watu wazima, kiranja."

"Ndio maana watacheka."

Nikachonga mwenyewe. Kifuu cha nazi, nikakilainisha kwa kioo kilichovunjika, nikakitoboa na kukitia kamba ya katani. Kilipendeza hasa. Wiki ya kwanza kilizunguka shingo kwa shingo na kicheko kikafika barabarani. Mlinzi wa benki alikivaa juu ya sare. Mwenye bodaboda alikivaa akabeba nacho abiria hadi stendi.

Ijumaa mwalimu akamwinua Shangazi aimbe herufi. Akaenda vizuri, A mpaka G, sauti imenyooka. Kisha akasema, "Echi."

"Hechi, mama," mwalimu akamwambia. "Na hewa. Hhh."

"Echi."

"Rudia, usiogope."

"Siogopi, mwalimu. Echi."

Darasa likalipuka. Mwenye bodaboda akapaza sauti: "Mvisheni mama mkufu! Leo ni harusi!" Nami nikainuka, mbio kama niliyeitwa kupokea gavana, nikamvisha kifuu Shangazi wangu aliyenilea, juu ya leso yake, nikawaambia wote: "Makofi ya kilo!" Makofi yakapigwa. Yeye aliinama kidogo ili kamba ipite kichwani. Hilo nalikumbuka kuliko mengine: kwamba aliinama, ili nisipate taabu.

Herufi zilizobaki alizitamka zote kama mwalimu alivyotaka. Ukimwambia ari, alisema ari. Ukimwambia zedi, alisema zedi. Ni hiyo moja tu. Na kwa kuwa ni hiyo moja tu, kifuu kilimganda. Wengine walikosea na kurekebisha. Kila jioni kilianza shingoni pa mtu huyu au yule na kumalizikia kwake. Aliondoka nacho akapita nacho sokoni. Alibangulia nacho korosho. Wanawake wenzake wakamuuliza kama amepata mganga mpya.

Tukiwa njiani kurudi nilimwambia, kwa utani wangu: "Shangazi, hewa kidogo tu, unaipuliza bure! Kwani H umeirithi kwa babu?"

Akakinyoosha kifuu kifuani. "Mtoto aliniambia echi."

"Mtoto alikuwa akisema vya Malindi. Mwalimu asema vya bara. Kitu ni kile kile."

"Kama ni kile kile, mbona mwanivisha kifuu?"

Nikacheka.

"Jumamosi ya mwisho alinichorea hiyo," akasema. "Akaitamka, nami nikaitamka, akaniambia, vizuri, Mama. Mbele yake hatukufika. Herufi nyingine zote nilizojifunza baadaye ni za mwalimu, azitamke apendavyo. Zile saba za mwanzo mwasema sawasawa na yeye. Hii mwataka niitoe sauti yake nitie ya nani?"

Mtu mwenye akili angegeuka pale pale, akakivunja kile kifuu kwa jiwe. Mimi nilikuwa na mtihani. Nilisema nitazungumza na mwalimu. Sikuzungumza naye. Niliona vibaya kiranja kuomba sheria yake mwenyewe ifutwe kwa ajili ya jamaa yake. Watu wangesema napendelea. Nilijipa wiki moja, kisha nyingine.

Jumatatu moja Shangazi hakuja. Kifuu nilikikuta mezani kwa mwalimu, kamba imezungushwa vizuri. Mwalimu akaniuliza, "Mama ni mgonjwa?" Nikasema ana kazi ya korosho, ni msimu. Nadhani mwalimu alijua, maana hakumvisha mtu tena, na darasa likarudia kusinzia. Mara mbili alipita nyumbani kwa Shangazi kumsihi. Alikaribishwa, akapewa chai na muhogo, akajibiwa kwa adabu zote, akaondoka bila mwanafunzi.

Nilifaulu mtihani. Siku ya kupokea cheti, Shangazi ndiye aliyenipikia pilau, na alinipigia vigelegele kuliko mama yeyote pale. Alikipitisha cheti usoni, karibu kabisa, kama anayekinusa. "Jina lako liko wapi?" Nikamwongoza kidole.

Hospitali alikwenda. Jicho moja lingeweza kufanyiwa upasuaji, walisema, lakini la pili moshi ulikuwa umeharibu mpaka ndani. Aliahidiwa siku, siku ikasogezwa, ikasogezwa tena, na ilipofika zamu yake wakamwambia wakati wa kulipasua hata hilo moja umepita.

Mwaka jana mwalimu wetu alipewa uhamisho kurudi kwao. Wakatuletea mwalimu wa kike kutoka Mambrui. Nilikwenda kumsalimia kama mhitimu mashuhuri, nikasimama dirishani nikiwasikiliza wa kuanza wakiimba. E, F, G, kisha yeye, kwa sauti ile laini ya chafya iliyoghairiwa: echi. Darasa zima likafuata, hakuna aliyecheka.

Nilikimbia. Nina kitambi cha heshima, lakini siku hiyo mbuzi walinipisha njia. Nilimkuta Shangazi mlangoni, mikono ikibangua yenyewe, maana vidole vyake havihitaji macho.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Wafukuzwa na nani?"

"Amekuja mwalimu mwingine. Anasema echi! Kama alivyosema mtoto. Darasa zima wasema echi. Nitakupeleka mimi, kwa baiskeli, kila jioni, na nikuletee kiti chako mwenyewe."

Aliziweka korosho chini. Akaniambia niingie ndani, chini ya kitanda, nimletee kopo. Nilidhani siku imefika. Nilidhani ataniambia nisome, na nilishaanza kusafisha koo. Alifungua leso, akatoa daftari, akafungua ukurasa wa kwanza, akauleta hadi ukagusa pua, akaugeuza kwenye mwanga wa mlango, upande huu, upande huu.

"Ni nyeupe," akasema. "Yote ni nyeupe."

"Twende basi, Shangazi, ukasikilize tu."

"Kusikia nilisikia, mwanangu. Kwa yeye mwenyewe." Akalifunga daftari. "Nilitaka kuona."

Nikamwomba nimsomee. Niliapa kwamba nitaitamka kila herufi kama alivyotamka mtoto, kwamba sitatia pumzi yangu mahali popote. Alitikisa kichwa polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Alifunga kopo kwa leso, mafundo mawili, akanirudishia nililaze pale pale chini ya kitanda.

Nilipotoka alikuwa amesharudi kwenye korosho. Akaniuliza kama wale Wataliano wa Watamu bado wananipa kazi. Nikasema wananipa. Akaniuliza nimekula. Nikasema sijala.

"Jirani kanipikia mbaazi, ziko jikoni," akasema. "Jipakulie. Mimi sijui sufuria iko wapi."