Basi Lilimwacha Mama, na Filimbi Ilikuwa Yangu

Nimekosa, jamani. Nasema mapema ili usifike katikati ukaanza kunitafutia visingizio, maana mimi mwenyewe nimeshavitafuta vyote na hakuna hata kimoja kilichonitosha.

Jina langu liache. Jua tu kwamba kwetu ni Kisanga, wilaya ya Kilosa, na kwamba nilifanya kazi ya ukarani Morogoro mjini mpaka nikastaafu. Nilirudi nyumbani na vitu viwili: saa ya mkononi na kiherehere. Saa ilikuwa nzima. Kiherehere ndicho kilichoniponza.

Sisi tuna basi moja, Kosta ya zamani, inayotoka Mikumi kwenda Kilosa asubuhi na kurudi jioni. Dereva wake anaitwa Sadiki. Zamani basi hilo halikuwa na ratiba hata kidogo. Ukiwa na safari unamwambia Sadiki jioni yake anaporudi, basi kesho anaingia mpaka mtaani kwenu, anapiga honi mbili, anakusubiri. Kama mgonjwa ni wa kubebwa, anashuka anasaidia kubeba.

Kila mtu aliona ni jambo zuri isipokuwa mimi. Siku moja tulikaa ndani ya basi tukimsubiri bibi mmoja aliyerudi nyumbani kufungia kuku wake. Abiria wanapiga soga, wanamenya miwa, wanacheka. Mimi natazama saa na kutikisa kichwa ili wanione. Hakuna aliyeniona. Hapo ndipo nilipoapa kwamba nitawastaarabisha watu hawa.

Nikaandika barua. Loh, ile barua! "Maboresho ya ruti na nidhamu ya muda." Nikaipeleka kwa tajiri wa basi kule Mikumi, naye aliposikia kwamba gari halitazunguka tena mitaani kula mafuta, akaniita mzalendo.

Kikaitishwa kikao cha wadau. Kikao cha kujadili uchelewaji kiliitwa saa tatu kikaanza saa sita, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa hajafika. Wala sikuona aibu. Nilisimama nikamwaga maneno ya ofisini, ufanisi, tija, ushirikishwaji, mpaka mimi mwenyewe nikajipenda. Mzee mmoja akauliza wanaokaa mbali na barabara watafanyaje. Nikamjibu waamke mapema. Watu wakapiga makofi. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba harufu ya pilau ilikuwa imeshafika, na walitaka nikae chini wakale.

Ikapita. Basi lisiingie tena mitaani, lisimame njia panda tu. Liondoke saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na lisimsubiri mtu. Nikachaguliwa Katibu na Msimamizi wa Ratiba, yaani nilijichagua na hakuna aliyebisha. Nikanunua filimbi. Nikavaa kizibao cha njano kinachong'aa kama cha askari wa barabarani. Nikachoresha kibao: HATUSUBIRI MTU.

Weee! Usione watu wanagombea vyeo. Filimbi ni tamu! Unapuliza, gari zima linaondoka. Karani niliyekuwa nikitumwa chai na vijana wa umri wa wanangu, leo nanyanyua mkono na dereva anatia gia.

Niliwaacha watu wengi. Nilimwacha mama mmoja na matenga yake ya nyanya. Nilimwacha mzee wa Kimaasai kutoka kwenye maboma ya huko bondeni, aliyetembea tangu giza na mkewe mgonjwa, akafika zimebaki hatua ishirini. Hakunitukana. Aliegemea fimbo yake akaniuliza kwa upole, "Wewe kazi yako ni kuleta basi au kuondoa watu?" Nikamwonyesha kibao asome. Hajui kusoma. Nikaandika kwenye daftari langu: abiria mzembe.

Sasa nisikilize hapa.

Mama yangu mzazi alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alikuwa akiona vivuli tu, anatofautisha mtu na mti kwa kuwa mtu anatembea. Ukatangazwa msikitini na kanisani ujio wa madaktari wa macho. Watakuja Kilosa siku moja tu, watapasua bure, watachukua watakaowahi.

Mama alifurahi mpaka akaanza kutaja vitu atakavyotazama akifunguliwa bandeji. Alisema atatazama kwanza uso wangu, kwa sababu anasikia nimenenepa.

Siku yenyewe ilipofika, mimi nilitangulia njia panda alfajiri, maana Msimamizi hawezi kuchelewa. Nilimwachia mpwa wangu Mwanaidi amlete mama kwa mguu, wafike robo saa kabla. Zamani Sadiki angemfuata mlangoni. Lakini ruti ilikuwa imeshaboreshwa, na aliyeiboresha nilikuwa mimi.

Walitoka vizuri tu. Njiani mama akakumbuka kwamba hajachukua mayai ya kumpelekea daktari. Mwanaidi akamsihi wasirudi. Mama akakataa kata kata, akasema mtu anayekwenda kukufungua macho humwendei mikono mitupu, yeye hakulelewa hivyo. Wakarudi kuchukua mayai.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini na tisa nikawaona. Walikuwa wamepita mashine ya kusaga, hatua kama mia hivi. Mwanaidi kamshika mkono, mama kakumbatia kikapu, anapapasa njia kwa mguu kwanza ndipo akanyage.

Sadiki naye aliwaona. Akatoa mguu kwenye mafuta akachungulia dirishani.

"Katibu, yule si mama?"

Nilitazama saa. Kisha nikatazama ndani ya basi. Yule mama wa nyanya alikuwamo, na wengine watatu niliowahi kuwaacha, wote wananikodolea macho. Nikajisemea, nikimsubiri mama yangu watasema ratiba ni ya mama zao tu. Nikajiona mtu wa haki. Wallahi, nilijisikia fahari! Nilidhani siku hiyo itasimuliwa Kisanga nzima kwamba kuna kiongozi aliyemwacha mpaka mama yake.

Nikamwambia Sadiki, "Ratiba haina mama."

Nikapuliza.

Sadiki hakutia gia. Nikapuliza mara ya pili, nikamkumbusha kwamba taarifa za utovu wa nidhamu zinakwenda kwa tajiri. Ana watoto watano yule. Akaondoka polepole kama anayesindikiza maiti.

Nilibaki pale chini nikisubiri abiria wanisifu. Mama wa nyanya alivuta pazia la dirisha ili asinione.

Mama akafika anahema. Akasimama mbele yangu, kikapu mikononi, anatazama pale basi lilipokuwa. Akaniuliza, "Mwanangu, basi bado?"

Hakuwa ameliona likiondoka. Alisikia mngurumo na filimbi, akadhani ndiyo linaingia.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Mwanaidi alikuwa ananitazama usoni. Nikamjibu mama kwamba basi limeshaondoka, kwamba Sadiki leo amekuwa na haraka, nimepuliza filimbi kumzuia akakataa kusimama.

Mama akasema Sadiki hawezi kumwacha yeye. Nikamwambia ndivyo alivyofanya, mama, watu wamebadilika.

Tukahangaika asubuhi nzima mpaka tukapata bodaboda mbili. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara utelezi mtupu, mara mbili tukashuka kusukuma. Tulifika Kilosa saa saba mchana. Mayai yalikuwa yamebaki manne. Muuguzi alitupokea vizuri, akatuambia orodha ilijaa tangu saa nne na madaktari hawawezi kuongeza hata mmoja. Mama akampa yale mayai manne hivyo hivyo.

Nikamuuliza muuguzi kambi nyingine ni lini. Akasema tutatangaziwa. Nikamwambia mimi ni mtu wa ratiba, nataka tarehe. Akanitazama na kizibao changu cha njano, maana nilisahau kukivua, akarudia kwamba tutatangaziwa. Mpaka leo ninapoandika haya hatujatangaziwa.

Utaniuliza, kwa nini usimpeleke Morogoro, hospitali kubwa? Nimemwambia mara nyingi. Hataki. Mama amesusa basi. Anasema kama Sadiki, mtoto aliyemwona akizaliwa, amemwona na upofu wake akampita, basi yeye amekuwa mzigo, na mzigo ukae nyumbani. Gari la kukodi hataki, anasema nisimtangaze ulemavu wake kijiji kizima.

Unaona nilipomfikisha? Neno moja langu lingemtoa nyumbani. Ningesema tu, mama, Sadiki hakukuacha, mimi ndiye niliyekuacha. Angelia, angenilaani kwa Kisagara, lugha yetu, siku nzima, na kesho yake angepanda basi.

Sikusema.

Sadiki alikuja nyumbani kumjulia hali. Mama aliposikia sauti yake akageuzia uso ukutani. Nami nilikuwepo, nimeshika kikombe cha chai. Sadiki akanitazama, akangoja. Alingoja kweli yule kaka, alinipa muda wa kutosha. Nikanywa chai. Akaaga akaondoka na lawama yangu kichwani mwake, na hajaisema mpaka leo.

Kisanga nzima inajua ukweli isipokuwa mama. Wanamficha, si kwa kunihurumia mimi. Wanaogopa akijua atakufa kwa uchungu.

Na ratiba? Wacha nikuchekeshe. Haikumaliza hata masika. Basi liliharibika gia huko Ulaya, si ya Wazungu, ni kijiji cha huku kwetu Kilosa, likakaa wiki mbili, liliporudi likawa linaondoka likipenda. Siku hizi Sadiki anaingia tena mitaani, anapiga honi zake mbili, anasubiri. Kibao changu wameking'oa wamezibia banda la kuku. Kuniondoa ukatibu hawakuniondoa, waliacha tu kuniita. Mlangoni kwetu basi halipiti. Sadiki anajua hatapokelewa.

Wiki iliyopita nilijikaza. Nikasema leo namwambia, potelea mbali. Nilitoka msikitini baada ya adhuhuri, nimevaa kanzu, nimeshika fimbo ya mkwaju ya marehemu baba kwa kuwa goti linaniuma. Mama alikuwa amekaa kibarazani akichambua maharage kwa vidole.

Alisikia hatua na mkwaju. Akaona kivuli cheupe. Akaacha maharage, akajaribu kuinuka, akasema kwa adabu zote, "Shikamoo, kaka."

Alidhani mimi ni kaka yake mkubwa, yule wa Mikumi, anayetembelea fimbo.

Kisha akaongeza, "Karibu ukae. Mpwa wako hayupo, ameshika njia na mambo yake. Mtoto mzuri yule, ila basi ndilo lilitushinda."

Jamani, nilikuwa na neno mdomoni tayari. Nilikuwa nimelibeba tangu msikitini. Nikafungua kinywa kusema mama, ni mimi.

Nikasema, "Marahaba."

Niliikaza sauti kama ya mjomba. Nikaitikia shikamoo ya mama aliyenizaa, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikakaa chini karibu na choo nikalia kama mtoto mdogo. Nilimsikia akimwita Mwanaidi alete kiti, babu yake wa Mikumi amesimama.

Wewe unayesoma, kama umepewa kijicheo, hata kiwe cha kufunga na kufungua geti, usijipime haki kwa kumnyima mtu wako mbele za watu. Hiyo siyo haki, ni sifa. Na ukikosa, kiri siku hiyo hiyo, mtu akiwa bado anakutambua. Mimi sasa kila nikiingia nyumbani nasimama kwanza mlangoni nisikie ataniitaje.