Paskalina, Mkagua Ndimi

Wifi yangu Paskalina hajawahi kusema "sijui." Kijijini kwetu, upande wa Tosamaganga, nguruwe hauzwi bila yeye kuitwa. Wanaume wanamlaza nguruwe chini na kumbana; Paskalina anapenyeza kijiti mdomoni mwa mnyama, anaushika ulimi kwa kitambaa, anauvuta na kuupapasa kwa kidole gumba. Akikuta vijipunje kama vya mchele anatikisa kichwa, na mnunuzi wa kutoka Mafinga anawasha pikipiki yake. Asipokuta anasema, "Msafi huyu," na mjadala umekwisha. Ujira wake ni kipande cha nyama, naye hukibanika juu juu kwa sababu hana subira. Nilikuwa namtania kwamba anawajua nguruwe kuliko alivyomjua marehemu kaka yangu.

Mwaka juzi binti yake Blessing alianguka darasani akatoka povu. Akaanguka tena, na tena. Watu wakaanza maneno yao: kifafa, mkosi wa ukoo, yaani ukoo wetu sisi. Niliwatukana wawili watatu pale bombani, na sijutii. Paskalina yeye aliamua kuwa mtoto analishwa kitu. Akamkataza nyama ya nguruwe, akamkataza kula kwa watu, hata kwangu mimi shangazi yake.

"Usinichukie, wifi," aliniambia. "Chakula chake napika mwenyewe na kumlisha namlisha mwenyewe."

Kuanguka kukazidi.

Mwishowe tulikwenda hospitali, mtoto akapigwa picha ya kichwa. Daktari akatuonyesha madoa kwenye ubongo, akasema ni watoto wa tegu, yule mnyoo wa nguruwe. Paskalina akaja juu: mtoto hali nguruwe, na nguruwe wote wa kijiji anawakagua yeye.

Daktari hakubishana naye. Alisema nguruwe wengi wa huku wanazurura baada ya mavuno, wanakula vinyesi vya watu, na wengi wana punje ndani ya nyama ilhali ulimi ni laini kabisa. Tena nyama hiyo siyo inayoleta kifafa moja kwa moja. Mtu akiila haijaiva, tegu hukulia tumboni mwake, na anaweza asijue. Mayai ya tegu hutoka na choo, hubaki kwenye kucha, kisha huingia kwenye chakula cha wengine, na watoto wake hupanda hadi ubongoni.

"Kuna mtu nyumbani kwenu anaye," alisema. "Leteni choo, wote."

Tulipeleka wote. Aliyekutwa na tegu ni Paskalina peke yake.

Hakulia. Alimeza dawa palepale. Baadaye akapimwa tena, akaambiwa amepona, anawe kwa sabuni na ampikie mtoto kama kawaida. Kama kawaida, wanasema. Tangu siku ya majibu hajagusa sufuria. Nimemsihi, nimemfokea, nimemwitia padri. Jibu lake ni lilelile: "Mpikie wewe, wifi." Blessing anatumia vidonge lakini bado anaanguka, na daktari hakutuahidi kitu. Mimi nimechoka, na naogopa.

Jana nilimpelekea mtoto ugali na maharage. Alimega tonge akalishika tu.

"Shangazi, mama ananichukia?"

Nikamwambia hapana, mama yako anakupenda.

"Basi mbona hanilishi?"

Paskalina alikuwa nje ya mlango; niliiona miguu yake. Alisikia kila neno, na hakuingia.