Siku Kumi na Saba za Halima

Mwanangu, mengi nimeyasahau, lakini kuna siku moja haijanitoka kichwani. Ilikuwa mwezi wa saba, mwaka wa pili wa vita, hapa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi. Nilisimama mbele ya kalenda ya ukutani na kalamu nyekundu mkononi, najiona mimi ndiye mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, fundi wa magari, na baba alipofariki nilibaki mwanamume pekee nyumbani. Nikisema jambo, lilikuwa limesemwa.

Dada yangu Halima alikuwa kwenye eda. Unajua eda: mwanamke Mwislamu akifiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi, haolewi, hasafiri. Mume wake Yusufu alikuwa dereva wa lori la mawese. Malaria ilimkamata akiwa mji wa Rumonge na hakuamka tena. Barabara ilikuwa imefungwa kwa mapigano, basi sisi tulikaa tunamsubiri arudi, kumbe mwenzetu amekwisha kuzikwa. Habari ilikuja na utingo wake, siku kumi na tatu baadaye.

Walikuwa na mtoto mmoja, Asha. Risasi zilipoanza kulia karibu, mama yake Yusufu alimchukua akavuka naye ziwa mpaka Kigoma, Tanzania, mtoto hajatimiza hata mwaka. Halima alitaka kitu kimoja tu duniani: eda iishe, apande meli, amfuate mwanawe. Na meli za wakati ule, mwanangu, hazikuwa na ratiba. Ikija unapanda, ikiondoka hujui nyingine lini.

Hesabu ya eda nikaichukua mimi. Tangu shuleni nilipenda kuhesabu siku, na hata leo napenda. Hebu nikuulize: kutoka Jumatatu hadi Jumatatu inayofuata ni siku ngapi? Wewe utasema saba. Lakini waliosoma Kifaransa mjini kwetu husema nane, na wiki mbili kwao ni siku kumi na tano, kwa sababu wanahesabu siku ya kuondoka na siku ya kufika pia. Hakuna aliyekosea hapo, kila mmoja ameanzia pake. Mambo kama hayo yalinichekesha, nikajiona nayajua yote. Penye wengi hapaharibiki neno, lakini mimi wengi wa nini, na kalamu ninayo?

Habari ya kifo ilitufikia tarehe kumi na sita Machi. Nikaweka alama hapo, nikaruka miezi minne, nikaongeza siku kumi, nikatua tarehe ishirini na sita Julai na kuichorea duara. Ilinichukua muda wa kunywa kikombe cha chai.

Tarehe kumi na nne Julai jirani yetu wa bandarini akaja mbio: meli inaondoka kesho kwenda Kigoma, na nafasi ya Halima ipo. Halima alitoka chumbani akasimama mlangoni.

"Kaka, hesabu tena."

"Mi nimeshahesabu. Bado siku kumi na mbili."

"Hesabu tena tu. Ao tuulize mutu."

"Unataka kumuvunjia Yusufu heshima juu ya meli?"

Nilimwambia hivyo, mwanangu. Kaburi la mumewe nililitumia kumfunga mdomo. Alirudi ndani, na kesho yake meli ikaondoka.

Baada ya siku mbili akarudi Bibi Zaina. Huyu alikuwa jirani yetu, mwoshaji wa maiti za wanawake, mwenyewe amekaa eda mara tatu. Majuma yote hayo alikuwa Buterere kwa binti yake, wakichunga mpunga usiliwe na ndege. Alikuja na kitambaa kipya chenye maua kumpongeza Halima kwa kumaliza, akamkuta bado amekaa kwenye mkeka. Akanigeukia.

"Mutoto wangu, huyu anangoja nini?"

Nikamwonyesha kalenda kwa madaha yote, nikimweleza kama mwalimu. Alitazama ile duara nyekundu, akauliza polepole, na nakwambia hakuwa na hasira. Alitaka kujua kweli nilivyofika pale.

"Bwana yake alikufa siku gani?"

"Siku ya Idi. Tulikuja kusikia kisha siku kumi na tatu."

"Na we ulianza wapi?"

"Siku tulisikia."

"Kumbe Yusufu alikufa siku mutu alikuambia?"

Nikaitazama tena ile alama ya Machi, naye akaendelea:

"Na iyo miezi ni ya wapi? Ya ukuta ao ya juu?"

Eda huhesabiwa kwa mwezi wa angani, nami nilijua, kila mtoto wa Buyenzi anajua. Kila mwaka tulifunga na kufungua kwa kuutazama mwezi ule ule. Lakini kalenda ilikuwa karibu na macho yangu.

Bibi Zaina akahesabu kwa vidole. Idi ni siku ya kwanza ya Shawali. Shawali, Dhulkaada, Dhulhija, Muharamu, hiyo minne, na siku kumi za mwezi wa Safar. Tukatafuta siku hiyo ukutani, ikaangukia tarehe tisa Julai. Meli ilipoondoka, ilikuwa siku ya sita dada yangu yuko huru.

Nikapiga tena hesabu, safari hii jasho likinitoka. Siku kumi na tatu za habari kuchelewa, na nne za kalenda kuwa ndefu kuliko mwezi wa juu. Kumi na saba. Halima alikuwa anasikiliza.

"Kaka, izo siku kumi na saba Mungu hakuniomba," alisema. "Ni we uliniomba."

Meli nyingine ilikuja baada ya siku hamsini na moja. Hiyo niliihesabu sawasawa, siku kwa siku, na haikumsaidia mtu. Nilimsindikiza mpaka Kigoma. Asha alikuwa anakimbia uani. Halima alipomnyooshea mikono, mtoto alipiga kelele akajificha kwenye nguo za bibi yake, akimwita yeye mama. Halima alipiga magoti pale pale, akangoja. Sijawahi kuona aibu kama ile, na majuto ni mjukuu, mwanangu, huja kinyume.

Basi nisikilize. Mtu akikuuliza ni siku ngapi, usikimbilie jibu. Muulize kwanza zinaanzia wapi, zinaishia wapi, na zinapimwa kwa mwezi upi. Kisha tazama nani anayezingoja, maana siku ya kwako wewe mwenye kalamu si ndefu kama ya aliyefungiwa ndani. Na akikwambia hesabu tena, hesabu. Kuuliza si ujinga, na kurudia si kushindwa.

Mungu akupe siku nyingi, mwanangu, na asikupe kamwe siku za mwenzako mkononi bila kukupa huruma ya kuzihesabu mara mbili. Amina.