Sponji ya Godoro Kwenye Tangi la Samaki

Samaki wetu hawana meno ya kumuuma mtu. Ni wale wadogo wenye mikia kama shela, hata ncha ya kidole haiwaingii mdomoni.

Lakini mwanangu alikuwa anang'atwa.

Kama una tangi la samaki nyumbani na una mtoto, soma mpaka mwisho. Ukitaka kucheka cheka, ila soma.

Binti yangu tunamwita Chiriku. Ana miaka minane na mdomo wa watu wazima watatu. Atakuhadithia kwamba paka wa jirani amemsalimia, na wewe utajikuta unauliza paka alisema nini. Ndiyo maana nyumbani maneno yake tulikuwa tunayapunguza nusu kabla ya kuyaamini.

Tangi alilileta baba yake, akaliweka sebuleni. Ndani yake kuna filta, kile kimashine kinachozama majini kikavuta maji machafu na kuyatema safi. Shida ikaja samaki walipozaa. Filta ikawa inavuta vile vitoto. Unaamka unakuta kitoto kimenasa kwenye mdomo wa mashine, kimekwisha. Chiriku alilia mpaka akakataa kula.

Muuza samaki akamwambia mume wangu, "Ivalishe filta sponji pale mdomoni. Itazuia vitoto na uchafu mkubwa, na filta yenyewe haitachoka."

Sponji za kazi hiyo zipo, zina matundu makubwa ya kupitisha maji. Mume wangu anunue? Thubutu! Huyu ni mtu ambaye mkasi ukiwepo, duka halina maana. Alikata kipande cha godoro kuukuu, zito, matundu hata huyaoni. Akakizungushia pale, akakifunga kwa mpira.

"Umeona?" akaniambia. "Kichwa kinafanya kazi hiki."

Na kweli, vitoto vikaanza kupona.

Sasa sikia kosa lilipoingia. Muuza samaki alimwambia ile sponji asiioshe kwa sabuni, kwa sababu inafuga vijidudu vizuri vinavyosafisha maji. Mume wangu akarudi nyumbani na nusu ya maneno. Kwake ikawa sponji haioshwi. Nukta.

Ikageuka kijani, ikageuka nyeusi, ikawa inateleza kama bamia. Maji yaliyokuwa yakitoka kwa nguvu yakawa yanadondoka kama machozi ya kulazimisha. Filta nayo ikabadilika sauti. Zamani ilikuwa inavuma taratibu, sasa inakoroma.

"Baba Chiriku, hii mashine inaumwa."

"Mke wangu, hiyo ni sauti ya kazi."

Basi siku moja Chiriku akaja jikoni ameshika vidole.

"Mama, samaki wananing'ata."

Wifi yangu, tunayeishi naye, akaangua kicheko. "Haya! Jana paka, leo samaki. Kesho kabati litampiga kofi."

"Shangazi, nasema kweli! Wananing'ata mpaka huku kwenye kiwiko."

Baba yake akaja, ndala miguuni, akazamisha mkono mzima kwenye tangi. Akauzungusha. Akautoa.

"Mbona mimi hawaning'ati? Au nyama yangu mbaya?"

Wifi akacheka tena. Chiriku akabaki anamtazama baba yake, machozi yanamlengalenga.

"Nikisikia tena uongo huu, nakuchapa. Umenielewa?"

"Ndiyo, baba."

Siku zilizofuata alinyamaza. Chiriku, kunyamaza! Tukasema afadhali, uongo umemtoka.

Jamani.

Jumamosi asubuhi napiga deki sebuleni, sakafu yote imeloa. Wifi akapiga kelele. Samaki wakubwa wawili wanaelea, matumbo juu. Wengine wamejibana juu kabisa, wanahema kama wamekimbizwa.

"Huyu mtoto wenu anachezea hili tangi," wifi akasema. "Nimemwona jana anachomoa mkono haraka haraka. Atakuwa ametia kitu."

Mume wangu akamwita. Akaja miguu mitupu, kanga yangu ameifunga kiunoni kwa mchezo wake.

"Ulikuwa unafanya nini kwenye tangi?"

Akaanza kukunja pindo la kanga.

"Nakuuliza wewe!"

"Hamna kitu, baba."

"Haya. Leo utaitoa hiyo filta wewe mwenyewe, uone kama kuna samaki wa kukung'ata. Uongo uishe leo leo."

Mtoto akaanza kutetemeka. Si ile ya kudeka. Namjua mwanangu.

"Baba, nakuomba."

"Mwache," nikasema. "Nitaitoa mimi."

"Usimdekeze! Ingiza mkono, wewe."

Akanitazama mimi. Ile sura naiona mpaka leo nikifumba macho. Kisha akauma midomo, akaingiza mkono, akaishika filta.

Sauti ikamkatika.

Hakulia. Hakupiga kelele. Mdomo wazi, shingo imekakamaa, macho yamenitoka... la, yamemtoka yeye. Maji ya tangi yanatetemeka pamoja na mkono wake, na mkono hauachii.

"Acha maigizo," baba yake akasema.

Wifi akasema, "Si nilikwambia?"

Kisha mume wangu akaona. Uso wake ukabadilika, akanyoosha mikono amshike begani.

"USIMGUSE!"

Sijui ile sauti niliitoa wapi. Niliruka kwenye maji ya deki, nikateleza, goti likagonga sakafu, nikainuka na kuipiga swichi ya ukutani kwa kiganja.

Filta ikanyamaza. Chiriku akaanguka kama nguo iliyotoka kwenye kamba.

Nikamkumbatia. Midomo imepauka. Namwita, haitiki. Namwita tena. Mume wangu amesimama kama nguzo, anarudia neno moja tu, "Mungu wangu, Mungu wangu."

Halafu Chiriku akavuta pumzi. Moja, ndefu, yenye kukwaruza. Ndipo akalia, na mimi sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile.

Hospitali walimwekea mashine ya kusikiliza moyo, wakamlaza wamwangalie. Daktari akasema hata mtoto akiinuka anacheka, aliyeshikwa na umeme lazima moyo wake upimwe. Tulishukuru, alikuwa salama.

Fundi umeme akaja nyumbani. Ile sponji ilikuwa imeziba kama keki ya matope, ndiyo iliyowakosesha samaki hewa. Filta ilikuwa inavuta bila kupata maji ya kutosha, ikachemka ndani kwa ndani mpaka ganda lake likapasuka ufa mwembamba kama unywele. Maji yakaingia kwenye nyaya, umeme ukaingia kwenye maji ya tangi.

"Mbona mimi sikusikia kitu?" mume wangu akauliza.

Fundi akaangalia chini. "Ulikuwa umevaa hizo?"

Ndala. Mtoto alikuwa peku juu ya sakafu. Umeme ulipita kwake kwenda chini, kwa baba yake ukazuiwa na mpira.

Mimi nilikuwa na swali langu. Nikaliuliza kitandani hospitali, nimemshika vile vidole.

"Mwanangu, kama walikuwa wanakung'ata, kwa nini uliendelea kuingiza mkono? Shangazi alikuona."

Akanong'ona, "Upande mmoja ile sponji ilikuwa imejikunja, mama. Vitoto vilikuwa vinanasa pale. Nilikuwa navitoa."

"Kila siku?"

"Nilikuwa nahesabu moja mbili tatu, halafu nashika haraka. Baba alisema nikisema tena ananichapa. Kwa hiyo sikusema."

Kumbe hakuwa amenyamaza kwa sababu maumivu yameisha. Alinyamaza kwa sababu tulimfundisha anyamaze.

Baba yake alikuwa mlangoni, alisikia yote. Mwanamume yule alipiga magoti palepale.

"Nisamehe, mwanangu."

Chiriku akamtazama, akamtazama na aliyesimama nyuma yake.

"Na shangazi naye aseme."

Wifi yangu, ambaye hajawahi kumwomba radhi mtu tangu nimjue, alisema. Tena kwa kulia.

Wenzangu, sponji kwenye filta ni kitu kizuri, sikukatazeni. Lakini weka ya matundu makubwa, si godoro. Maji yakipungua kasi, usingoje. Zima, chomoa, ndipo uingize mkono. Ikamulie kwenye ndoo yenye maji uliyochota humo humo tangini, bila sabuni, mpaka uchafu utoke, uirudishe. Fanya hivyo kila wiki. Filta ikikoroma au ikiwa ya moto, itoe kabisa. Na kazi hiyo ni ya mtu mzima.

Na mtoto akikwambia kuna kitu kinamuuma, hata kama jana alikudanganya, hata kama wewe hukioni, chomoa plagi kwanza. Kubishana mtabishana baadaye, mkiwa wote wazima.