Muhuri Haukai Eda

Mjukuu wangu anauza vyombo vya kale vya Kiingereza katika duka moja mtaa wa Al Barsha, huku kwa Waarabu. Msichana ana akili. Kanirithi mimi, si mama yake. Siku moja akanichukua nikaone buli la fedha. Akaligeuza kitako juu. Palikuwa na herufi mbili ndani ya kiumbo kama kashata.

“Hii chapa ya mwanamke, bibi. Mumewe alikuwa fundi. Alipokufa, mke akenda kwa wakubwa wa mafundi huko London, akaandikisha chapa yake mwenyewe. Wajane wengi walifanya hivyo.”

“Hakukaa eda?”

“Wazungu hawana eda, bibi!” Akacheka.

Mimi sikucheka. Mimi nilikaa. Marehemu mume wangu alikuwa na duka la fedha Deira, lakini nyundo hakuijua. Fundi mimi, niliyefunzwa na baba yangu Unguja. Nikifua jikoni kwetu Muraqqabat, mitali ya miguuni na vikuku vya mkononi, moshi ukinitoa machozi. Yeye akigonga muhuri wa jina lake na kupokea sifa. Nikasema basi, mume wangu huyu.

Alipokufa nikauweka muhuri chini ya mto. Nia yangu, nikitoka eda nichonge wangu, duka niliendeshe mimi. Arubaini haijafika, shemeji huyo! Akaketi nyuma ya pazia, kama desturi inavyotaka.

“Shemeji, nipe muhuri. Wateja wananingoja.”

“Ngoja nitoke.”

“Kizuka wewe, mjane wa ndani. Muhuri haukai eda. Yalla!”

Ningetokaje kumbishia, na mimi mtu wa eda? Nikaupitisha chini ya pazia. Nilipotoka, dukani mmejaa vikuku vya mashine, vyote vina muhuri ule. Nikaambiwa kazi ya mkono khalas, mama, kapumzike.

Basi pale Al Barsha mjukuu wangu kashika buli, na mkononi kavaa kikuku nilichomfulia mimi zamani. Bosi wake Mzungu akakisifu. Mtoto akamjibu kwa fahari, kisha akanifasiria: “Nimemwambia kafua babu. Si jina lake hili?”

“Vua.”

“Bibi?”

“Vua, nakwambia!”

Nikenda nacho nyumbani, nikatoa tupa, nikalikwangua jina mpaka pakawa kipara. Mjukuu akalia: nimefuta kumbukumbu ya babu yake, tena kikuku kisicho chapa nani atakiamini? Labda. Chapa yangu ya kugonga pale sina. Nimemsimulia yote, nikamrudishia akivae hivyo hivyo, na akiulizwa nani kafua, sasa anajua.